Kahawa Iliyonuka Dagaa

Benadeta, mwanangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko jikoni kwa shangazi yako, nyumba ya pili, na unacheka kwa sauti ya mtu ambaye ameshaondoka. Shangazi anakufungia karanga na kukupa maonyo ya safari: usipokee soda ya mtu usiyemjua, usisinzie begi likiwa miguuni, ukifika upige simu. Hayo nimemwachia. Yeye ameshafika Songea mara nyingi, ni mtaalamu wa dunia.

Mimi ni mzima, isipokuwa goti na dhamiri. Goti umelizoea. Dhamiri hujawahi kuisikia kwa sababu nimeilea vizuri. Ikianza kukohoa naipa chai inatulia. Wiki hii imekataa chai.

Utashangaa kuona nimeandika kurasa nyingi. Nilifika darasa la nne, na mimi na mwalimu wangu tulipatana siku moja tu, siku ya kuagana. Lakini kuandika najua, na kalamu hii ni ya chama chetu cha wakulima, nimesahau kuirudisha kwa makusudi. Naandika kwa sababu kusema nimeshindwa. Nimejaribu mara tatu. Juzi tukichambua maharage ukanitazama ukasema, "Baba, una jambo?" Nikakwambia nina njaa. Ukaenda kunipikia, na mimi nikala ugali ambao sikuuhitaji, mpaka mwisho, kama adhabu.

Jambo lenyewe ni hili. Uliporudi kwenye usaili wa kazi yako, ulikaa hapa barazani ukavua viatu ukaniambia, "Baba, waliniuliza kwa nini nataka kukagua vyakula na vibandiko vyake. Nikawasimulia habari ya Mjomba Otmari. Jinsi mtu mmoja alivyoingiza kahawa ya ng'ambo ya ziwa kwenye magunia yetu, kikundi kizima kikanyang'anywa cheti. Waliweka kalamu chini, Baba. Nadhani ndicho kilichonipa kazi."

Nikacheka. Unakumbuka nilicheka? Nikasema, "Basi mjomba wako anastahili soda." Ukacheka na wewe.

Benadeta, ile kahawa niliileta mimi.

Sasa nimeandika. Nimetoka nje kidogo, nimewatazama kuku, nimerudi, na sentensi bado ipo. Basi tuendelee.

Wakati wale watu wa cheti walipoanza kuja hapa Matiri ulikuwa mdogo, unakumbuka peremende tu. Walikuja na makaratasi, wakatuambia kuna wanywaji huko mbali wanaotaka kujua kahawa yao imelimwa na nani na kwa namna gani, na kwamba tukifuata masharti yao, pakiti itawekwa kibandiko chenye picha ya jani. Tukajiunga. Masharti yakawa mengi kuliko ya kipaimara. Choo kiwe na mlango. Dawa ya wadudu ifungwe kwa kufuli. Kila mtu awe na daftari la shamba, aandike kila siku amefanya nini. Mimi niliandika "nimepalilia" siku nilizolala kutwa, na siku nilizopalilia kweli nilikuwa nimechoka, sikuandika.

Alikuja dada mmoja mkaguzi, ana buti jipya linalomuuma. Akaziona ngoro zetu kule mteremkoni, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la asali, akauliza kwa upole kama tunachimba dhahabu.

"Tunachimba, dada," jirani yetu Kastori akamjibu. "Ila tukiipata, inaota maharage."

Dada wa watu akaandika. Kastori akachungulia karatasi, akaniambia kwa Kimatengo kwamba tumeshakuwa wachimbaji wadogo. Ilibidi mama yako aingilie kati, akamshika mkono yule dada, akamshusha mpaka kwenye ngoro, akamwonyesha jinsi nyasi zinavyolazwa, udongo unavyofunikwa juu yake, na maji ya mvua yanavyokaa shimoni badala ya kukimbilia mtoni na shamba lako. Yule dada alirudi amepakaa matope mpaka magotini na amefurahi.

Nikuambie walivyokuwa wakisema wakulima, maana utakutana nao na hawatakuambia. Watakuambia "karibu sana". Kastori alisema kibandiko ni kwa ajili ya kumtuliza mtu tajiri anayeogopa kikombe chake. Wengine walisema ni sawa tu, bei ikipanda hata picha ya chura wabandike. Wengi waliuliza swali ambalo hakuna mkaguzi aliyelijibu: mbona mimi nakaguliwa mpaka choo, na yule anayefunga pakiti huko mwisho anaaminiwa? Mama yako peke yake ndiye aliyekipenda kibandiko. Nilimtania, nikamuuliza ameona nini kwenye jani lile. Akasema, "Nimelima tangu nikiwa msichana. Hii ni mara ya kwanza mtu anatoka mbali kuja kuniuliza leo nimefanya nini."

Daftari lake liko kabatini chini ya vitenge. Usilichukue, niachie. Aliandika kila kitu. Hata siku alizougua aliandika "leo sikufanya kitu", akatia sahihi.

Halafu akarudi yule padre wetu wa zamani kutoka likizo ng'ambo, akatuletea pakiti ya kahawa ya huko. Mbele ilikuwa na picha ya mzee mwenye kofia pana kama ungo, amemkumbatia punda. Padre akatusomea: kahawa ya nchi fulani, bara jingine kabisa. Kisha akatuambia kwamba mtu mmoja anayeijua biashara hiyo alimwambia asiiamini picha, humo ndani kuna mchanganyiko, na sehemu kubwa imetoka Mbinga.

Kastori akaichukua pakiti, akamtazama yule mzee wa kofia, akamtazama na punda.

"Padre," akasema, "ina maana miaka yote hii nimepalilia kwa niaba ya punda?"

Tulicheka mpaka padre akafuta machozi. Lakini mimi nilirudi nyumbani na hasira. Hasira ya haki kabisa. Mtu anavua jina la mahali pangu kama unavyomvua mtoto shati, anamvalisha mtoto mwingine. Na hiyo hasira sikuitumia kwa kazi yoyote njema, Benadeta. Sikuandika barua, sikusimama kwenye mkutano. Niliiweka mfukoni, nikaja kuitoa siku nilipohitaji ruhusa ya kufanya uovu wangu mwenyewe.

Siku hiyo ilikuja baada ya mvua ya mawe. Ulikuwa kidato cha tatu, bwenini. Ilishuka mchana, kahawa imeanza kufunga punje, na ilipokwisha tulikuta nusu ya mwaka imelala chini ya miti. Kila mtu aliumia. Wengine walilia, na kulia kwenyewe kuliwasaidia. Mimi sikulia, kwa sababu mimi nilikuwa na picha ukutani.

Unaijua ile picha, iko kwenye ofisi ya chama pale ghalani mpaka leo. Wanunuzi walinipiga picha hiyo msimu uliotangulia, nimeshika kikapu, natabasamu na jino langu la pembeni, na chini yake wameandika kwamba huyu ndiye mkulima bora. Kila anayekuja kupima kahawa anapita chini ya pua yangu. Na mimi mdomo wangu unaujua. Nilikuwa nimewatania watu wote. Nilimwambia Kastori miti yake inazaa kama inaomba msamaha. Nilimwambia mjomba wako Otmari aache kahawa aendelee na dagaa wake, maana kwa kahawa hana mkono. Sasa nifike ghalani na mzigo wa kukumbatia kama mtoto mchanga, nipite chini ya picha yangu mwenyewe? Watu hudanganya kwa njaa au kwa ada ya shule, na ningekuwa na sababu kama hizo ningezitaja kwa fahari. Mimi nilidanganya kwa sababu ya picha.

Nikamwambia mama yako naenda kumwona rafiki mgonjwa. Nikashuka mpaka Mbamba Bay. Pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki, nilikuwa nimesikia kuna mtu wa ng'ambo ya ziwa huvusha kahawa iliyokwisha kumenywa na kukaushwa, ikiwa bado na ganda lake jembamba, na anataka kuiuza upesi arudi kwao. Nikampata. Kijana mpole, hakuuliza kitu. Kahawa yake haikuwa mbaya. Wakulima wa kule nao wana migongo kama sisi. Nililipa, nikapandisha magunia kwenye lori lililokuwa linarudi Mbinga, na njia nzima ya ile milima nilikuwa najipongeza. Nilijiambia: wao huko wanatuvalisha kofia na punda, na mimi nimeivalisha ya ng'ambo ya ziwa jina la Matiri, tumelipana.

Nisingejipongeza kama ningekuwa na pua. Magunia yale yalivuka ziwa kwenye boti moja na dagaa wakavu, chini yao, juu yao, katikati yao. Na kahawa, mwanangu, utafundishwa huko uendako lakini jua kwamba sisi tunaijua tayari, inanywa harufu kama kitambaa kinavyonywa maji. Ukiianika karibu na moshi, inakuwa moshi. Mtu aliyekulia milimani anajua asiiweke kahawa karibu na vitunguu. Mimi nilijua. Ila nilikuwa nimekaa juu ya gunia, napigwa na upepo wa lori, nafikiria watakavyonishangilia.

Mama yako alisikia harufu kabla sijashusha gunia la pili.

"Hii kahawa ya nani?"

Nilikuwa nimeandaa uongo wa mvua, wa shamba la mtu wa Ruanda hii ya kwetu Mbinga, wa bahati. Aliponitazama wote ukakimbia, ukabaki mmoja uliokuwa karibu. Nikasema, "Ya kaka yako. Otmari. Ameianika karibu na dagaa wake, imeshika harufu, anaona aibu kuipeleka mwenyewe. Ameniomba niichanganye na yetu."

Akatingisha kichwa, akacheka kidogo. "Otmari huyo," akasema. "Hakui." Akaimwaga kwenye vichanja, akaigeuza kwa mikono yake siku mbili nzima juani ili harufu itoke. Alifanya kwa upendo wa dada. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nasifia kazi yake.

Mjomba wako hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kuwa mtu ambaye uongo unamkaa vizuri. Alikuwa na kijishamba cha kahawa ndani ya kikundi, na kila wiki alishuka ziwani kuleta dagaa wa kuuza huku juu. Alinuka dagaa hata kanisani. Ukimtafuta mtu wa kumsingizia, shati limeshapimwa, limeshashonwa.

Ghalani kahawa yetu ya kikundi humwagwa lundo moja. Nikapita chini ya picha yangu, nikamwaga, watu wakashangaa. Nikasema mvua ya mawe iliogopa uso wangu. Wakacheka. Wiki kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha sana.

Kisha ikaja barua kutoka kwa waonjaji. Kahawa ya Matiri ina harufu ya samaki. Tuliitwa mkutanoni, pale pale ghalani, na wanunuzi wakamtuma mtu wao. Hakusema yote mwanzoni. Aliuliza tu nani anajua harufu hiyo imetoka wapi. Watu wakatazama miguu yao. Mimi nilitazama yangu kuliko wote.

Mama yako akasimama.

Alisimama kwa sababu aliamini ni kosa dogo. Alidhani likisemwa litakwisha, kaka yake ataonywa, tutacheka, kikundi kitapona. Akasema, "Mimi najua. Ni kahawa ya kaka yangu. Ilikaa karibu na dagaa, akaileta kwetu tuichanganye. Tusameheni, hatukujua itaharibu."

Hapo ndipo yule mtu wa wanunuzi alipotoa punje mfukoni, akazimwaga mezani, za aina mbili, akasema tatizo si harufu tu. Kahawa hii nyingine haijalimwa hapa. Imetoka ng'ambo ya ziwa. Kuna mtu ameiingiza kwenye magunia yaliyoandikwa jina la nchi hii na jina la kijiji hiki.

Nilimwona mama yako akikaa. Hakukaa kama mtu anayekaa, alishuka.

Otmari akasimama. Hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "sema."

Benadeta, nimesikia neno hilo kila siku tangu hapo. Si kwamba alijua. Alidhani tu kwamba mimi, mume wa dada yake, mtu wa mdomo, nitasimama nimtetee. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema hata kwenye mazishi, ulipata maneno manne.

"Mke wangu ameshasema yote."

Wakamfukuza. Cheti kikanyang'anywa hata hivyo, na kila nyumba hapa ilikosa ile nyongeza iliyokuwa inatoka kwa ajili ya kibandiko, na kila nyumba ikajua wa kumlaumu. Watu wakaacha kununua dagaa wake. Mtoto mmoja alimwimbia wimbo njiani. Mwaka haukuisha akahamia Kihagara, kwa wakwe zake, analima mihogo na mpunga huko chini. Mimi, kwa kuwa mzigo wangu ndio uliokuwa mkubwa na uso wangu ulikuwa ukutani, walinichagua mwenyekiti wa kamati ya ubora. Nilikubali. Nilitoa hata hotuba.

Mama yako hakumtaja kaka yake tena. Mimi nilidhani amemkasirikia. Siku moja nilimkuta amekaa na daftari lake mapajani, haandiki. Nikamtania, nikasema mkaguzi atakuja kukuuliza leo umefanya nini. Akasema, "Nilimtaja ndugu yangu mbele ya watu. Nilisema ukweli, lakini sipati usingizi. Wewe unapata?" Nikamwambia napata. Na nilikuwa napata, hilo ndilo linalonitisha.

Unakumbuka mazishi yake. Ulikuwa unalia, hukuona mengi. Otmari alikuja. Alisimama kule barabarani, kwenye kona, kofia mkononi, kuanzia padre alipoanza mpaka udongo wa mwisho. Hakuingia uani, hakula, hakunywa maji. Watu wakasema, "Mwone, hata aibu hana." Nami nikatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana nao, nikiwa nimevaa koti jeusi nililoazimwa na Kastori.

Sasa nikupe sababu ya kuandika leo na si mwaka juzi. Ningependa kusema ni toba. Ni wewe. Umekwenda na hadithi yangu mjini, umeiweka mezani kwa watu wasiotufahamu, wamekupa kazi. Kesho unaenda kuwa mtu anayegeuza pakiti na kuuliza: haya yaliyoandikwa hapa ni kweli? Nisingeweza kukusindikiza stendi huku wewe mwenyewe ukiwa umebandikwa maneno niliyoyaandika mimi.

Kuna na jambo la pili. Chama kinaomba cheti upya. Kuna fomu, na ndani yake swali: kosa lile la zamani lilitokeaje, na mlichukua hatua gani? Katibu ameshaandika kwa mwandiko wake mzuri: mhusika alitambuliwa na kufukuzwa. Alhamisi tunakutana kusaini. Anayesaini wa kwanza ni mwenyekiti wa kamati ya ubora.

Leo asubuhi ulipokuwa unafua, nilipanda pale juu kwenye mtandao nikampigia mjomba wako. Namba niliipata kwa shangazi yako, nikamdanganya ni kwa ajili ya mbegu. Ikaita sana.

"Nani?"

"Mimi, shemeji. Gotfridi."

Nikasikia kuku wa Kihagara.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unataka nini?"

Nikamwambia. Nilidhani nitaanza mbali, nimzungushe, nimchekeshe kidogo kwanza. Nikamwambia hivi hivi, kama nilivyokuandikia wewe, boti, lori, uongo wa uani. Nikamwambia nitashuka Kihagara nije kupiga magoti, ingawa goti lenyewe sina. Hakucheka.

"Usije huku," akasema. "Huku hakuna aliyenisikia nikiitwa mwizi. Nenda kasemee pale pale uliponyamazia."

"Nitasema Alhamisi."

"Hayo ni yako." Nikamsikia akifukuza kuku. "Dada yangu alijua?"

"Hapana."

"Alikufa anaamini ni mimi?"

"Ndiyo, Otmari."

Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mimi nilikaa miaka yote hii nikiamini yeye alinisingizia kwa makusudi, ili akukinge wewe." Akakata.

Nilibaki pale juu na simu sikioni. Nilikuwa nimedhani nimeiba jina la mtu mmoja. Kumbe nilichukua kwa wote wawili, kila mmoja akaenda na uongo wake juu ya mwenzake, na katikati mimi nikiwa nakunywa chai.

Sina ushauri mwingi, na huo nilio nao umenitoka kwa njia mbaya, kwa hiyo uchukue kwa uangalifu. Ukifika kwenye shamba la mtu na daftari lake ni safi mno, muulize siku aliyougua. Ukiona mtu anacheka sana ukimuuliza kahawa imetoka wapi, mngoje amalize kucheka, kisha muulize tena. Mimi hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Na kule mwisho wanakofunga pakiti, kule kwenye sakafu ya vigae na watu wenye tai, kagua kama walivyokagua choo cha Kastori. Usiwaogope. Sisi tulitazamwa mpaka chini ya kitanda, na wao watazamwe. Lakini hasira yetu ya punda usiipokee kama nilivyoipokea mimi. Mwenzangu kunidanganya huko hakunipi mimi kibali cha hapa.

Alhamisi nitasema. Najua yatakayofuata. Fomu haitasainiwa, na kama cheti kitachelewa msimu mwingine, nitalaumiwa kwa haki safari hii. Watanitoa kwenye kamati, pengine kwenye chama. Picha wataishusha, nitamwomba katibu msumari wauache, utafaa kutundikia mizani ndogo. Kastori sijui. Kastori ndiye ninayemwogopa, kwa sababu amecheka na mimi miaka mingi, na sijui sura yake ikoje asipocheka.

Nilitaka nikuombe ubaki mpaka Alhamisi. Nimeandika ombi hilo, nikalikata, ndiyo maana karatasi hii ina tundu. Nenda. Kazi haikungoji, na sitaki kusimama mbele ya watu nikiwa na mtoto wa kujificha nyuma yake. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa raha zako, usiharakishe. Ukitaka kuwaambia wale waajiri wako, waambie. Sitakuuliza.

Sasa nakusikia unaagana na shangazi, anakuita jina lako lote la ubatizo, maana yake analia. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa nje wa begi, uisome ukishapita Songea, ukiwa mbali kiasi cha kutoshuka.

Nimepanda tena pale kwenye mtandao jioni hii kabla ya kumalizia. Nimempigia mjomba wako mara ya pili, nilitaka kumwambia kuhusu lile daftari, kwamba ukurasa wa siku ya mkutano dada yake aliandika jina la Otmari tu, hakuandika kitu kingine, na hakutia sahihi. Hakupokea. Nitapiga tena kesho, basi lako likishaondoka. Nitakuwa na nafasi.

Baba yako,
Gotfridi